Jibu la Mpakataji

Jina lake la kweli watu walikwisha kulisahau, na mwenyewe hakuwa na shida ya kuwakumbusha. Walimwita Bi Mapaja. Mgeni aliyelisikia jina hilo mara ya kwanza aliona haya kuuliza limetoka wapi, na yeye aliipenda haya hiyo kuliko sukari. Alimwacha mgeni ameze mate kwanza, ahangaike na macho, ndipo amweleze kwamba ni mapaja haya haya yaliyowapakata watoto wa kiume wa jumuiya nzima siku walipotahiriwa.

"Wanaume wote unaowaona pale nje wakijikuna ndevu," angesema, "mimi nimewaona kama walivyozaliwa. Wala hakuna aliyenitisha."

Kazi iliyomlisha ilikuwa mito na magodoro. Chumba chake cha mbele kilijaa sufi. Ilielea hewani, ikatua kwenye chai, ikamkaa kwenye nyusi hata akaonekana mzee kuliko alivyokuwa, na kwa kweli alikuwa mzee wa kutosha. Alishindilia sufi kwa ngumi, akashona kwa sindano ndefu ya magodoro, akakata uzi kwa meno yaliyobaki. Mto mmoja tu haukuwa wa kuuza. Ulikuwa mwembamba, wa kitambaa cheupe, na kazi yake ilikuwa kukaa mapajani mwake siku ya tohara, mtoto alazwe juu yake. Tohara ikiisha aliufumua, akamwaga sufi yote, akafua kitambaa mpaka maji yakatoka meupe, kisha akaujaza upya.

Aliyekata alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, naye kila mtu alimwita Ngariba. Ngariba alikuwa na utaratibu aliorithi kwa aliyemfundisha, na hakuubadilisha hata siku moja. Kisu alikizungushia kitambaa, akakitia mfuko wa kanzu. Akanawa mikono. Akamwinamia mtoto, akamwuliza yeye, si baba yake wala mama yake: "Mgeni wetu, umefika kwa watu wako. Unaridhia?" Mpakataji ndiye aliyejibu kwa niaba ya mtoto: "Naridhia." Kabla ya jibu hilo kisu hakitoki mfukoni. Kwa vile jibu lilikuwa moja miaka yote, watu waliliitikia kama wanavyoitikia sala, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba pale kulikuwa na swali.

Sasa ikaja sheria.

"Shemeji, wanasema watanifunga," Ngariba alisema asubuhi moja, akajibwaga juu ya godoro ambalo halijamaliziwa.

"Inuka hapo, godoro la watu. Nani akufunge na magoti hayo? Jela wanataka watu wa kulima."

"Wewe cheka. Muswada uko bungeni. Mtoto asitahiriwe kwa ajili ya dini mpaka awe na akili ya kujisemea mwenyewe. Mzazi akikubali, ndani. Anayekata, ndani."

"Na anayepakata?"

Ngariba alikuwa hajalifikiria hilo. "Nadhani nawe ndani."

"Afadhali. Utanichosha huko, lakini angalau nitakuwa na mtu wa kumsema."

Ngariba hakucheka. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. "Redioni wananiita mkatili, shemeji. Mimi! Watoto niliowakata ndio hao hao wanaonipisha njiani, wananibebea mzigo. Kuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nimemkosea?"

"Mmoja hajanilipa mto aliouchafua," alisema Bi Mapaja, lakini alimmiminia chai, akaiondoa sufi kwa kidole kabla ya kumpa.

"Na mume wako hajambo?"

Mume huyo alikuwa mjukuu, mtoto wa kitindamimba wake wa kike. Kitovu kilikwisha kukatika, ananyonya vizuri, mashavu yamejaa. "Anakula, analala, hasaidii kazi yoyote," alisema Bi Mapaja. "Ni marehemu kaka yako mtupu."

Lakini nyumbani kwa kitindamimba hakukuwa na utani. Yeye alikuwa mwalimu wa chekechea. Siku nzima alikaa na watoto wadogo, akiwafundisha kwamba mtu akitaka kukubeba nawe hutaki, sema hapana, na ukisema hapana neno lako liheshimiwe. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole, anayeongea kana kwamba maneno nayo yana springi ndogo zitakazoruka akiyafungua ghafla. Yeye alitaka mtoto atahiriwe kabla sheria haijapita. Mkewe hakutaka.

"Mimi sikatai dini," alisema kitindamimba. "Nakataa kumkata mtu ambaye hata jina lake halijui."

"Na mimi sijui baba yangu alifananaje," alisema fundi saa.

Wakanyamaziana siku nyingi, chumba kile kile, kitanda kile kile, mtoto katikati. Mwishowe fundi saa ndiye aliyepata njia. Alikuja chumba cha sufi, akakaa mbali na mama mkwe kama heshima inavyotaka, akainamisha macho.

"Mama, wewe ndiye utakayempakata. Shemeji yako atauliza, nawe utajibu. Jibu utakalotoa, mimi nitalishika, na mwenzangu atalishika. Tumekubaliana."

"Hata yeye kakubali?"

"Kakubali."

Alipoondoka, Bi Mapaja aliichomeka sindano kwenye godoro akakaa tu. Alijua kwa nini mkwe kakubali: hakuna mpakataji aliyewahi kusema neno jingine. Kilichomsumbua ni kwa nini binti yake kakubali. Huyu binti alimjua mama yake kuliko wengine wote, na hakuwa mtu wa kucheza mchezo anaojua atashindwa.

Siku moja kabla ya tohara, kamati ya bunge ilifika kusikiliza maoni katika ukumbi wa shule. Wazee wa ibada walimchagua Bi Mapaja awe msemaji wao, maana anapendwa, na akisema watu hucheka, na mtu anayecheka ni vigumu kukukasirikia. Aliwekewa kiti cha wanafunzi, magoti yakamfika kidevuni. Kabla yake alisema daktari. Kisha akasimama kijana mmoja, akasema: "Waliniuliza kila kitu nilipokua, hata viatu nataka rangi gani. Hiki hawakuniuliza, na hakirudi." Wazee waliguna. Akainuka mwanamume mwingine, kinyozi, akasema: "Mimi namshukuru mzazi wangu. Kama angeningoja nikue ningeogopa, na ningebaki nje ya mlango wa wenzangu maisha yangu yote." Wengine nao waliguna.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani. "Mama, karibu." Bi Mapaja akainuka.

"Mheshimiwa, mimi sikusoma sana. Nilimaliza shule ya msingi tu, na hata hapo nadhani mwalimu ndiye aliyeomba nimalize." Ukumbi ukacheka, wazee wa ibada wakajinyoosha vitini. "Nasikia hapa mnasema mtoto haulizwi. Jamani, sisi tunauliza! Shemeji yangu yule pale, mtoto asipojibu hakati."

"Anajibu nani?"

"Najibu mimi, kwa niaba yake."

"Na mtoto mwenyewe anafanya nini wakati huo?"

"Inategemea mtu na mtu. Wengine wamelala. Wengine wananyonya kidole. Wapo waliomkojolea shemeji yangu usoni, tukasema ah, huyu karidhia kwa nguvu zote!"

Ukumbi ulipasuka. Kinyozi alijipiga paja. Ngariba mwenyewe alijifuta uso kana kwamba bado umelowa. Mwenyekiti naye alicheka, miwani ikashuka zaidi. Akangoja kicheko kiishe chenyewe, mpaka wa mwisho akakohoa akatulia. Ndipo akauliza, taratibu, bila ubaya wowote:

"Mama, kama aliyelala ni ndiyo, anayenyonya kidole ni ndiyo, na aliyekojoa ni ndiyo, je, mtoto anayetaka kusema hapana afanye nini?"

Bi Mapaja alifungua kinywa. Kinywa hicho hakijawahi kumwangusha. Kilimtoa kwenye ugomvi wa sokoni, kilimvusha msiba wa mumewe. Safari hii kilibaki wazi tu.

"Si alie!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Wote wanalia," mwingine akamjibu.

Mwenyekiti akaisukuma miwani juu.

"Sijui, mheshimiwa," alisema Bi Mapaja.

"Basi tupige marufuku?"

"Hilo nalo sijui. Ila mkimtuma polisi, watu watashusha pazia na kuifanya chumbani, mkataji anatetemeka kwa hofu, na hapo hakutakuwa na wa kuuliza chochote. Msimfunge huyu mzee. Mkono wake hautetemeki." Akakaa, na kwa vile kile kiti kilikuwa kidogo, ilimchukua muda kukipata.

Njiani wazee hawakumsema, ila walitembea mbele yake kidogo. Ngariba alibaki nyuma kwenda naye. "Alikutega yule mwanamke," alisema.

"Hakunitega. Kaniuliza."

Kesho yake asubuhi sebule ya fundi saa ilijaa. Saa za ukutani alizokuwa akizitengeneza zilikuwa zikigonga kila moja kwa wakati wake. Akazisimamisha zote ili zisimshtue mtoto. Wanaume wa jumuiya walikaa kuzunguka ukuta, kiongozi wa ibada katikati. Mama wa mtoto alikuwa chumba cha ndani, mlango umerudishwa, kama mama wote wanavyofanya. Aliyekisikia kilio cha kwanza cha mtoto hapaswi kumwona akikatwa. Kabla ya kuingia alimkabidhi mama yake mtoto. Hakumwomba lolote. Alimtengenezea mtoto shuka tu, akamtoa mama yake sufi kwenye nyusi moja, ya pili akaisahau.

Bi Mapaja alikaa, mto mweupe mapajani, mtoto juu yake. Kiongozi alisoma sala, wakaitikia. Ngariba akanawa, akajifuta kidole kimoja kimoja. Mkono wa kulia ukaingia mfukoni, ukakishika kile kitambaa. Akainama.

"Mgeni wetu, umefika kwa watu wako. Unaridhia?"

Mtoto alikuwa macho. Hakulia, hakunyonya kidole. Alikuwa anaangalia ile nyusi yenye sufi, amekunja uso kidogo, kama mzee anayesoma tangazo lililobandikwa mbali. Bi Mapaja alimtazama. Alitafuta kwenye uso ule neno moja, lolote, ili alichukue alipeleke kule linakotakiwa. Alilitafuta kwa haki kabisa. Kama angeliona naridhia angelisema, na roho yake ingetulia. Lakini alichokiona ni mtu mpya anayeshangaa sufi.

"Shemeji," alinong'ona Ngariba. "Nimeuliza."

"Nimesikia. Hukuniuliza mimi."

"Mjibie basi."

"Namsikiliza kwanza."

Mtu mmoja ukutani alicheka kidogo. Waliomzoea walijiweka tayari. Walijua mzaha unakuja, tena mkubwa, na siku kama hii mzaha mmoja si dhambi. Wakangoja. Haukuja.

"Hajasema," alisema Bi Mapaja.

Kiongozi wa ibada alikuwa mtu mzuri, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemshika mgonjwa mkono. "Mama yetu, mtoto mchanga hasemi. Ndiyo maana tuna wewe."

"Ndiyo, baba. Nimewasemea wengi. Wengine mko hapa, nawaona, na kama niliwasemea vizuri nashukuru. Lakini huyu nimemtazama, sina nilichopewa cha kusema. Nikisema naridhia itakuwa yangu. Mimi nilikwisha kuridhia mambo yangu, na govi sina."

Hakuna aliyecheka. Saa zilizosimamishwa zilionyesha kila moja saa yake.

"Ampe mwingine ampakate," alisema mzee mmoja. "Mama amechoka. Jana walimchosha kule shuleni."

"Nipe mimi," alisema kinyozi, akainuka, akanyoosha mikono.

Wote wakamgeukia Ngariba. Mkono wake ulikuwa bado mfukoni. Kama angeitikia kwa kichwa tu, mtoto angehamia mapaja mengine, naridhia ingesemwa, na shughuli ingeisha kabla maji ya kunawa hayajapoa. Sheria ilikuwa njiani. Huenda huyu ndiye angekuwa wa mwisho katika maisha yake ya kazi. Mjukuu wa kaka yake. Bi Mapaja aliuona uso wake, akaona jinsi anavyolitaka jambo hilo, na akajua kwamba hata akikubali hataweza kumlaumu.

"Hapana, keti," Ngariba alimwambia kinyozi. "Mpakataji amejibu."

"Hajajibu! Kasema hajasema."

"Hilo ni jibu. Mimi siulizi huku na huku mpaka nipate linalonifurahisha. Aliyenifundisha hakunifundisha hivyo." Akautoa mkono mfukoni. Ulikuwa mtupu, na haukutetemeka.

Fundi saa alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alikuja akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake alimtazama machoni.

"Mama. Baba yangu alifariki nikiwa tumboni. Hata picha yake sina. Aliacha agizo moja tu, kwamba mtoto akiwa wa kiume atahiriwe kama yeye. Kila nikioga najua nilikuwa na baba. Mimi mwanangu nimpe nini?"

Bi Mapaja angeweza kutafuta utani hapo. Alikuwa nao mmoja, tena mzuri. Aliumeza.

"Wewe uko naye, mwanangu," alisema. "Yeye akikutaka atakuona hapo na saa zako. Na hilo swali la shemeji yangu mtunzie. Mwambie lipo, linamngoja yeye."

"Akisema anaridhia?"

"Nitampakata."

"Mama, atakuwa na ndevu."

"Basi atanivunja mapaja, na nyinyi itabidi mnitafutie jina jingine."

Midomo ya fundi saa ilitaka kucheka, ikashindwa katikati. Machozi yalimtoka akiwa bado amepiga magoti. Hakuyafuta. Akanyanyuka, akaenda kuufungua mlango wa chumba cha ndani, akasimama pembeni ili mkewe apite.

Wageni waliondoka bila kugusa chai. Kinyozi alisimama mlangoni, akamwambia Ngariba kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi hicho: "Mjukuu wangu anazaliwa karibuni, mzee wangu. Sitakuita. Nimesikia yupo mwingine ng'ambo ya mji. Huyo anakata tu, haulizi."

"Sawa," alisema Ngariba.

Bi Mapaja alisikia. Neno la kinyozi lilimwingia na kukaa, maana alijua huyo hatakuwa peke yake, na kwamba watoto watakaopelekwa ng'ambo ya mji hawatakuwa na mtu hata wa kuwasikiliza. Hakujua kama asubuhi ile alikuwa amefunga mlango mmoja au amefungua mwingine mbaya zaidi. Alilibeba hilo mpaka nyumbani pamoja na mto wake.

Mchana Ngariba alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, beseni mbele yake. Mto mweupe ulikuwa umefumuliwa. Sufi ilikuwa imemwagwa juu ya gazeti, na yeye anasugua kitambaa kwa sabuni kama kawaida yake, kwa nguvu, viwiko nje. Ngariba aliketi ukingoni mwa ngazi. Akatoa mfukoni kile kitambaa chenye kisu, akakiweka kando yake kama mtu anayeweka funguo za nyumba aliyohama.

"Unafua nini, shemeji?" aliuliza baadaye. "Leo hakuna damu."

"Alikojoa."

"Lini?"

"Ulipotoa mkono mfukoni."

Ngariba aliyatazama maji ya beseni. "Na hiyo," aliuliza, "tuihesabu nini?"

Bi Mapaja alikikamua kitambaa, akakikung'uta, akakitundika kambani, akakinyoosha pembe zote kwa kucha mpaka kikakaa sawa.

"Huo ni mkojo tu, shemeji," alisema.